Kuniita mwosha maiti mbele ya vijana wa Kisumu ni dharau nisiyoweza kuimeza

Wanajukwaa, ninaandika hasira zikiwa bado mbichi, maana nimeshuka kwenye bodaboda hapa Kondele sasa hivi na hata viatu sijavua. Yule bwana mnamjua. Hakuna aliyewahi kuhudhuria mkutano wa waandishi wa programu mjini Kisumu asimsikie akilisifu toleo jipya la kiunzi chetu cha kujengea tovuti kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua umeme.

Leo jioni nilisimama kuwaeleza vijana jinsi tunavyolitunza toleo la zamani huku lile jipya likiendelea kujengwa. Dakika tano hazijaisha, akanikatiza, akaninyooshea kidole na kusema, "Vijana, msalimieni mwosha maiti wetu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko kilichowafikia samaki wa Dunga.

Mwosha maiti! Ni maiti gani hiyo ambayo asubuhi ya leo imepokea karo za shule moja ya Ahero? Jumanne iliyopita maiti hiyo ilinikeshesha hadi saa tisa usiku, kwa sababu kisanduku cha kutafuta jina la mwanafunzi kilikuwa kikiyarudisha maandishi ya mtumiaji kwenye ukurasa bila kuyasafisha, hivyo mtu mwenye nia mbaya angeweza kupenyeza msimbo wake katika kivinjari cha mzazi. Kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya kuuziba mwanya huo, kilikuwa mistari sita. Umeme ulipotea mara mbili, nikamalizia kwa betri ya kipakatalishi na intaneti ya simu. Kisha nikagundua kwamba mwanya huo huo umo katika toleo jipya, kwa kuwa sehemu ile waliinakili kwetu herufi kwa herufi. Nikawapelekea kiraka. Aliyekipokea na kukiunganisha ni yeye mwenyewe, na leo ndiye aliyeninyooshea kidole!

Tazameni viunzi vingine vya kujengea tovuti: Angular mpya ilitoka Septemba 2016, lakini AngularJS, toleo lake la zamani, ilihudumiwa hadi tarehe 31 Desemba 2021. Vue 3 ilitoka mwaka 2020, na Vue 2 ikatunzwa hadi mwisho wa 2023. Je, wote waliofanya kazi hiyo walikuwa waosha maiti? Kidole kile bado ninakiona.

Fundi wa Kisian: Pole sana, kaka. Nilikuwepo, nimeketi safu ya nyuma, na sikucheka. Mwambie kwamba mwosha naye huoshwa, kwa maana toleo lake litazeeka pia na atatafuta wa kulitunza.

Nyar Milimani: Ndugu yangu, umetupiwa maneno matano nawe umejibu kwa waraka mzima. Toleo lako si maiti, nakubali, lakini fomu yenye visanduku viwili hunidai mistari arobaini ya msimbo, na mgonjwa wa namna hiyo huwachosha wauguzi.

Mkulima wa Njoro: Nyinyi mnagombania jina wakati sisi wa Nakuru tunaumia. Mteja wangu anataka toleo jipya, nami nimehamisha kurasa 11 kati ya 60 bila mwongozo wa kuhama, huku kila toleo la majaribio likibadilisha majina ya vitendaji (amri za msimbo) nilivyovizoea juzi. Anayejenga kipya na aandike kwanza njia ya kukifikia.

Kijana wa Kakamega: Afadhali wewe unayekosa mwongozo. Mimi niliuandika, sura ya tarehe na saa yote, nikauwasilisha, na huu ni mwezi wa nne haujasomwa na mtu. Wanasema watunzaji wote wamehamia kwenye toleo jipya.

Mwanzisha uzi: Tafadhali turudi kwenye jambo lenyewe. Mtu amesimama hadharani, akaninyooshea kidole na kuidharau kazi ya programu huria ninayoifanya bila mshahara. Nataka aniombe radhi mbele ya vijana wale wale.

Mkulima wa Njoro: Kijana wa Kakamega, sura hiyo ya tarehe inaeleza kwa nini katika JavaScript, lugha ya msimbo wetu, mwezi wa Januari unahesabiwa kuwa sifuri? Naomba unitumie hata kama haijakaguliwa.

Kijana wa Kakamega: Inaeleza, tena kwa mifano mitatu. Ninakutumia sasa hivi.

Nyar Milimani: Nami nitumie.