Mgeni kanisa la Anglikana: tupeane uzoefu kabla shemeji hajaaibika

Msee wa 58: Jumapili kuna ubatizo wa mtoto wa jirani, kanisa la Mchungaji Mwema hapa Nakuru. Shemeji yangu anakuja na ni Mpentekoste tangu tumboni. Wana-ACK (Kanisa Anglikana la Kenya), ajiandae vipi?

Mwalimu Maseno: Asikae mbele, hatakuwa na wa kumwiga. Safu ya tano inatosha. Masomo watu wamekaa, Injili na Imani ya Nikea wamesimama. Maungamo ni magoti. Ule mto ulio chini ya benchi si wa kukalia. "Bwana awe nanyi" ina jibu lake. Asipolijua anyamaze, kanisa zima litajibu kwa niaba yake.

Nyar Kisumu: Mwalimu amemaliza. Ila aulize mapema ibada ya lugha gani ni saa ngapi, asije akaketi saa mbili nzima kwenye Kiingereza akingoja Kiswahili.

Mzee Waden, Bungoma: Amemaliza nini? Mmeruka Meza ya Bwana, ule ushirika wa mkate na divai, na huko ndiko wageni huumbuka. Kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, usawa wa kifua, viwe kama sahani. Mkate ule mwembamba utawekwa hapo, asiunyakue kwa vidole. Kikombe kikija, ashike kitako akielekeze mdomoni, asikipokonye. Anayechovya mkate kwenye divai badala ya kunywa asiule kwanza, na achovye ncha tu: ukiloa wote unakatikia ndani. Hana Kipaimara, yaani hajawekewa mikono na askofu? Afunge mikono kifuani, atapewa baraka na kurudi zake.

Nyar Kisumu: Kuchovya ni uvivu. Kikombe hufutwa na kuzungushwa kila mtu akinywa.

Msee wa 58: Na mwenye homa je?

Nyar Kisumu: Abaki na homa yake nyumbani.

Mzee Waden, Bungoma: Mama, tusigombane. Mkate peke yake pia ni ushirika kamili.

Mluhya Ughaibuni: Huku Marekani ndugu zetu wa Anglikana huitwa Episcopal, kutoka neno la Kigiriki la askofu. Kitabu cha Sala cha 1979 kiko hapo kwenye benchi. Mezani, aliyebatizwa kanisa lolote hukaribishwa, Kipaimara hakiulizwi. Ibada ikiisha ni kahawa na biskuti. Hakuna mnada wa sadaka za kuku na mazao kama huko nyumbani.

Mwalimu Maseno: Mnada! Mwambieni shemeji mikono ikae mfukoni! Kuna mgeni alimpungia rafiki yake ng'ambo ya uwanja, mnadi akapaza sauti, "elfu moja na mia mbili, yule wa shati la buluu!" Jogoo akawekwa miguuni pake, amefungwa kwa kitambaa.

Msee wa 58: 😂😂 Alilipa?

Nyar Kisumu: Wacheni vichekesho, mwambieni kuhusu wageni kusimama! Wakati wa matangazo ataitwa ajitaje: jina, anakotoka, kanisa lake. Basi. Wapentekoste wakishika maikrofoni hawaiachi.

Mzee Waden, Bungoma: Na ile baraka ya mwisho, iliyotokana na desturi ya Waturkana. Shida, magumu, kazi za shetani: kila moja ikitajwa, mkono unafagia hewa kuelekea msalabani. Mara ya nne ni matumaini, mikono inapaa juu. Aliye katikati ya benchi achunge viwiko vya majirani.

Msee wa 58: Sadaka?

Mwalimu Maseno: Noti ndogo ndogo, maana kapu linaweza kupita zaidi ya mara moja. Kiasi ni siri yake na Mungu.

Nyar Kisumu: Na kofia avue mlangoni. Kitambaa cha kichwa kwa mwanamke ni hiari. Akisikia "KAMA wabaki" asingoje sentensi iendelee, ni chama cha wanaume.

Msee wa 58: Sawa, lakini jogoo?

Mwalimu Maseno: Alilipa, akamrudishia kanisa. Mnadi akamuuza tena papo hapo, naye aliyenunua akamrudisha vilevile. Wa tatu akampelekea Kasisi.