Mjadala: Aliyeendesha gari ughaibuni miaka mingi apite kwa mwalimu kabla ya kushika usukani nyumbani?

Wadau, salaam.

Naleta hoja inayozua ubishi kila Desemba ndugu zetu wanaporudi. Mtanzania aliyeendesha miaka mingi Oman, Marekani, Ujerumani au nchi nyingine wanakoendesha upande wa kulia, siyo kushoto kama kwetu, akirudi aingie barabarani moja kwa moja, au kwanza apite kwa mwalimu? Mimi nasema apite kwa mwalimu, na iwe lazima. Saa chache tu barabarani, siyo kozi ya miezi.

Najua kuna watakaosema, "Kushoto unakuzoea ndani ya siku mbili." Hapo ndipo ninapopinga. Siku mbili za kwanza mtu ana woga, redio kazima, mke pembeni anamkumbusha "kushoto, kushoto". Hatari inaanza woga ukishaisha. Sweden walihamisha nchi nzima kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, na mwanzoni ajali zilipungua kwa sababu kila dereva alikuwa macho. Watu walipolegea, zikapanda tena. Na Agosti 2019, kule Uingereza, Harry Dunn, kijana wa miaka 19 aliyekuwa kwenye pikipiki, aliuawa na gari la Mmarekani aliyetoka kambi ya kijeshi ya Croughton akashika upande wa kulia. Dereva yule hakuwa ametua jana, alishakaa nchini wiki kadhaa.

Na ilitokea alipotoka kambini. Kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro hukosei, wa mbele anakuongoza. Unakosea ukitoka sheli alfajiri, barabara nyeupe, hakuna wa kumfuata, mikono ikaenda ilikozoea. Shemeji yangu ni dereva mzuri kweli, kaendesha Muscat miaka mingi. Alishazoea kabisa, tulidhani, mpaka siku alipotoka sheli pale Kibaha asubuhi na mapema akashika kulia bila wasiwasi wowote. Kilichomshtua ni taa ya bodaboda usoni. Yule kijana alikwepa akaishia kwenye majani na pikipiki yake, akanyanyuka mzima. Ndiyo maana naandika. Kosa ni la mwenye gari, lakini wa kufa ni wa bodaboda au mtembea kwa miguu.

Halafu kipilefti. Kwetu gari unalopaswa kuliachia lipite kwanza linatokea kulia kwako, Oman linatokea kushoto. Mtu anatazama kushoto, anaona peupe, anaingia, kumbe daladala limeshafika ubavuni. Hilo halina uhusiano na ujuzi, shingo imezoea kugeuka upande mmoja. Indiketa nayo: magari yetu mengi yametoka Japani, kijiti chake kiko kulia kwa usukani, cha waipa kushoto. Aliyerudi anataka kukata kona, anawasha waipa juani, na aliye nyuma hajui kitu. Hata wa Uingereza, aliyezoea kushoto kama sisi, hili linamkuta.

Njia kuu ina mambo yake mengine ambayo hayamo kwenye kitabu cha alama. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, linakuambia usiovateki, kuna gari linakuja. Ukikuta matawi yamepangwa lamini, mbele kuna gari limeharibika. Mtu aliyetoka kwenye barabara za kilomita 120 kwa saa za Oman, akifika kijijini kwenye 50, hajui kama aanze kuogopa tochi ya trafiki ya kupima mwendo au watoto wanaovuka kutoka shule. Nani anamweleza haya?

Wengine hunijibu kwa madereva wa malori: wanavuka Rusumo kuingia Rwanda, wanabadili upande, na hawajasomeshwa na mtu. Sawa, lakini hao wanabadili mara kwa mara, kwa gari lilelile, mpakani penye vibao. Hawakai miaka kumi upande mmoja hadi mwingine ufutike. Na anayesema tuanze na madereva wa hapa wasiojua sheria, nakubaliana naye kabisa kuhusu hao. Ila kibaya cha mmoja hakimpi mwingine ruhusa.

Hoja inayonigusa ni ya pesa, kwamba tutafungua mlango wa kula hela za watu. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo napendekeza pasiwe na mtihani wa kufeli wala askari wa kumbembeleza. Mtu aende shule yoyote ya udereva iliyosajiliwa, aendeshe na mwalimu kwenye vipilefti, kwenye njia kuu na usiku, apewe karatasi ya kuthibitisha, aiambatishe anapohuisha leseni TRA. Bei ijulikane na ibandikwe ukutani.

Linalonisumbua bado ni wa likizo. Anakuja wiki tatu, leseni yake haijaisha, anaazima gari la kaka yake na kuianza safari ya Moshi usiku huohuo. Huyo hapiti dirisha lolote la kuhuisha leseni. Tumkamate wapi: uwanja wa ndege, kwenye bima, au tuwaachie wenye magari wakatae kutoa ufunguo? Walimu wa udereva na vijana wa bodaboda, nawasubiri nyinyi kwanza.