Umeme ukikatika, unawaokoaje samaki wako wa kwenye tangi? Tupeane uzoefu

Wadau wa samaki wa mapambo, habari za wakati huu. Naomba uzi huu uwe wa jambo moja tu: umeme ukikatika saa nyingi, wewe hufanya nini ili samaki wasife? Tuambiane yale yaliyotokea nyumbani kwako, yaliyoandikwa kwenye boksi la pampu tumeshayasoma.

Naanza mimi. Niko Tabata, Dar, nina tangi la lita 200. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ndio ulionifundisha kuwasoma samaki. Kabla samaki hajafa anakuambia. Wanapanda juu wote, midomo inagusa hewa, matamvua yanafunguka na kufunga harakaharaka. Wakubwa ndio huanza, wadogo bado wanacheza chini. Ukiona hivyo, oksijeni imekwisha, na joto letu linazidisha shida. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Na kwenye joto hilohilo samaki anahitaji hewa nyingi zaidi.

Ninachofanya: naondoa mfuniko, nachukua jagi, nachota maji ya tangi na kuyarudisha kutoka juu kama mtu anayepoza chai. Yaanguke kwa kishindo, yavunje uso wa maji. Nafanya kwa dakika chache, napumzika, narudia hadi washuke wenyewe chini. Chakula nasimamisha kabisa. Samaki mzima mwenye afya anakaa siku kadhaa bila kula, ila kinyesi na chakula kilichooza kwenye maji yaliyosimama havimsubiri.

Msimamo wangu ni huu: pampu ya betri nunua, ni muhimu. Lakini kinachoamua una saa ngapi mkononi ni idadi ya samaki na upana wa uso wa maji, kwa sababu hewa inaingilia juu tu. Gapi (wale samaki wadogo wa mapambo) wachache kwenye tangi pana watalala usiku kucha bila umeme na asubuhi wako salama. Samaki wa dhahabu wakubwa waliobanana kwenye tangi refu jembamba, hapo unahesabu saa. Karibuni.

Mdau wa Nairobi:
Asante kwa uzi. Huku kwetu adui ni baridi. Ule usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea nchi nzima, hita yangu ilizima kwenye msimu wenyewe wa baridi. Nilizungushia tangi blanketi pande zote nne, juu nikaacha wazi ili hewa ipite. Halafu nikachemsha maji kwa gesi, nikayatia kwenye chupa za soda, nikazifunga vizuri na kuziweka ndani zikielea, moja baada ya nyingine. Lengo ni joto lisishuke ghafla. Likishuka polepole samaki anavumilia. Stima iliporudi, jambo la kwanza nililoangalia ni kama hita bado imezama. Hita ikiwaka nje ya maji, kioo chake kinapasuka.

Mdau wa Unguja:
Nyinyi mnazungumzia usiku mmoja. Sisi Unguja tulikaa bila umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Jenereta kelele kila kichochoro. Tabu kubwa zaidi ilikuwa maji, maana pampu za visima nazo zilisimama, ndoo moja ilikuwa na thamani. Sasa utabadilishaje maji ya samaki na watoto hawajaoga?

Baba yangu aliwatoa samaki wote kwenye kioo akawatia kwenye birika la saruji uani, chini ya mwembe. Pana, kina kifupi, kivuli asubuhi na jioni. Akapunguza, nusu akawagaia majirani waliokuwa na mapipa ya maji ili samaki hao wawalie mabuu ya mbu. Pampu hakuna, filta hakuna, na wale gapi walizaana humo. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi: nafasi na uso mpana ndiyo dawa.

Mdau wa Mwanza:
Wenye samaki aina ya beta na gourami msiwe na hofu, hao wana kiungo cha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Muhimu pawe na nafasi kati ya maji na mfuniko.

Mdau wa Kigoma:
Niliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha kukusanya samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, Tropheus na jamaa zake wa kwenye mawe. Hawa wamezoea maji yanayopigwa na mawimbi, kwa hiyo pampu ikizima ndio wa kwanza kulalamika. Halafu maji ya ziwa letu pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaribia 9, na pH ikiwa juu hivyo, sehemu kubwa zaidi ya amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki, inakuwa ya sumu. Anayefuga samaki wa Ziwa Malawi au Tanganyika asilishe kabisa umeme ukiwa haupo.

Kitu nilichokiona kule na kinaweza kuwasaidia: samaki wa kusafirisha walikuwa wananyimwa chakula siku chache kabla, kisha wanafungwa kwenye mfuko wa plastiki, theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni ya mtungi. Wanafika safari ya zaidi ya siku nzima wakiwa hai. Kama duka lililo karibu nawe lina mtungi, kakubaliane nao mapema, kabla giza halijaingia.

Mdau wa Morogoro:
Wakuu, na sisi tusio na hela ya inveta wala sola?

Mdau wa Arusha (fundi):
Ndugu wa Morogoro, tafuta pampu ndogo ya hewa ya kuchomeka USB. Inakula kama wati moja hivi, pawabenki ya mAh 10,000 inakuvusha usiku. Ila ijaribu mchana kwanza, maana pawabenki nyingine zikiona mzigo ni mdogo zinajizima zenyewe, wewe umelala unadhani mapovu yanatoka.

Jingine, pampu ya hewa iweke juu kuliko usawa wa maji au funga vali ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ukikatika maji hupanda kwenye mpira kinyumenyume, yanaingia kwenye pampu, yanashuka sakafuni. Mteja wangu mmoja alikuta zulia limelowa na tangi limepungua karibu nusu.

Mdau wa Tanga:
Niongezee moja ambalo sijaona limetajwa. Umeme ukikatika, feni inazima, mbu wanaingia, mtu anachukua dawa ya mbu ya kupuliza. Zile dawa za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa samaki, na pampu yako ya betri inavuta hewa ya chumba hichohicho na kuipeleka kwenye maji. Tumieni chandarua. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha, kwa usalama wa samaki na wenu pia.

Mdau wa Dodoma:
Umeme ukirudi mnafanyaje na filta ya kopo, ile iliyofungwa?

Mleta uzi:
Swali zuri sana, dada. Kama umeme umekatika saa nyingi, usiiwashe hivyohivyo. Ndani mle bakteria wazuri, wale wanaosafisha maji, wamekosa oksijeni, wengine wamekufa, na maji yaliyolala humo yameharibika. Ukiwasha unayasukumia samaki yote kwa mkupuo. Ifungue, mwaga yale maji, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi. Usitumie maji ya bomba, klorini itamaliza hata bakteria waliobaki. Kisha washa. Kwa siku kadhaa lisha kidogo sana, pima amonia kama una kipimo, na kama huna, badilisha robo ya maji kila siku kwa maji uliyoyaacha kwenye ndoo wazi tangu jana yake.