Weupe kwenye waridi dogo: ni ugonjwa, wadudu au maji?

MamaWawili, Iringa
Habari za jioni wapendwa. Nina waridi dogo, lile ambalo ua lake halizidi kifuniko cha soda, nimelipanda kwenye kopo la rangi la lita 4 hapa barazani. Binti yangu aliniletea Desemba alipokuja likizo. Kila likichanua nahamishia kiti changu pale na kunywea chai pale pale.

Tangu baridi ya Juni ianze, limepata weupe. Majani machanga ya juu yamejikunja, na juu yake kuna unga kama wa sembe. Umefika hadi kwenye vikonyo vya maua, na vitumba viwili vimegoma kufunguka. Majani ya chini hayajajikunja, ila yana madoa meupe ya duara. Jirani aliniambia ni vidung'ata, nikanunua dawa ya wadudu na kupiga mara mbili. Hakuna kilichobadilika. Namwagilia jioni, maji ya kisima, nalowesha mti wote. Nisaidieni, sitaki kulipoteza.

Mkorosho, Masasi
Shikamoo mama. Mimi nalima korosho, waridi ninalo moja tu mlangoni, lakini ulivyoeleza hayo majani ya juu ni kama unasimulia shamba langu. Huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Kimelea cha waridi si kile cha mkorosho, ila tabia zinafanana: vinapenda machipukizi laini, usiku wa baridi wenye unyevu na mchana mkavu. Iringa mwezi wa Juni ndiyo hali yenyewe. Dawa ya wadudu haigusi ukungu, usiongeze tena.

Vidung'ata ungevijua mama. Vinajificha kwenye makwapa ya majani kama vipande vya pamba, vinanata, na sisimizi hawakosi kupanda na kushuka.

Fanya hivi. Kata ncha zote zilizojikunja pamoja na vile vitumba viwili, choma, usiviache chini ya kopo. Majani yaliyokwisha kujikunja hayanyooki tena, usiyaonee huruma. Kisha tafuta salfa ya kuchanganya na maji, fuata kipimo cha kwenye pakiti, piga asubuhi mapema, juu na chini ya jani. Sisi mashambani tunapuliza ya unga alfajiri umande ukiwapo na upepo umetulia, lakini kwa mti wa barazani ya maji inatosha. Jua likiwa kali salfa inaunguza majani, na usiipige karibu na siku ulizopaka dawa yenye mafuta. Funika pua na mdomo. Salfa kazi yake ni kulinda jani ambalo bado halijaugua, kwa hiyo rudia machipukizi mapya yanapotoka.

Kitalu, Njiro
Naungana na Mkorosho, ila mama, hayo madoa ya duara ya majani ya chini mimi nayaona tofauti. Maji ya kisima yenye chokaa yakikaukia kwenye jani yanaacha doa hivyo hivyo. Chovya pamba kwenye siki uliyozimua kwa maji, futa jani moja. Likisafika na weupe usirudi, ni maji tu. Ubwiri unga unafutika hata kwa kidole kilicholowa, lakini baada ya siku chache unarudi.

Pia hamishia kumwagilia asubuhi, maji yaende kwenye udongo, na sogeza kopo mbali na ukuta lipate hewa. Je, umeweka samadi nyingi au urea karibuni? Majani laini ya haraka haraka ndiyo chakula chake.

MamaWawili, Iringa
Marahaba mwanangu wa Masasi, na asante Kitalu. Urea nilitia mwezi wa tano, kijiko kizima cha chakula! Nimeacha.

Leo ni siku ya 18. Siki ilisafisha majani ya chini mpaka yakang'aa, kumbe nilikuwa na mambo mawili kwenye mti mmoja. Juu nilikata karibu theluthi ya mti, mkono ukitetemeka. Salfa nimepiga mara mbili, saa 12 na nusu asubuhi. Machipukizi matano yametoka, mekundu, yamenyooka, nimeyakagua kwa miwani yangu ya kusomea na sioni unga. Kitumba kimoja kimeanza kuonyesha wekundu kwenye ncha. Nimempigia binti yangu simu kumwambia.