CPM (mbinu ya njia muhimu): mradi unatoka siku 41 lakini floti hazieleweki, wapi tunakosea?

Mipango_MwakaWaPili

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya mipango, na muhula huu tuna somo la misingi ya usimamizi wa miradi. Kundi letu limepewa mradi wa kisima kirefu na kituo cha kuchotea maji kijijini. Tuandae mtandao wa shughuli, tutafute njia muhimu (mnyororo mrefu kuliko yote, unaoamua siku ya mwisho) na floti (siku ambazo shughuli inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi), kisha tuchambue bajeti. Jedwali letu ni hili, kwa siku za kazi:

A – Upimaji wa maji ardhini: 5, haisubiri kitu
B – Kibali cha kuchimba: 10, inasubiri A
C – Uchimbaji: 6, inasubiri B
D – Jaribio la kupampu na kupima ubora wa maji: 4, inasubiri C
E – Kununua pampu na sola: 20, inasubiri A
F – Mnara wa tanki: 18, inasubiri C
G – Kulaza mabomba na kujenga kituo: 12, inasubiri C
H – Kufunga pampu: 3, inasubiri D na E
J – Kujaribu mfumo na kukabidhi: 2, inasubiri F, G na H

Kwenda mbele (kutafuta siku ya mapema kabisa ya kila shughuli) tunapata siku 41. Kurudi nyuma (kutafuta siku ya mwisho inayoruhusiwa), A, B, C, D, E na H zote zinatoa floti 11, G inatoa 6, F na J sifuri. Mhadhiri kaweka alama ya kuuliza hapo na kuondoka zake.

La pili ni EVM (kupima mradi kwa thamani ya kazi iliyofanyika). Bajeti ni milioni 60. Hadi siku ya tathmini ilipangwa asilimia 50 ya kazi iwe imekwisha, iliyofanyika ni asilimia 40, na fedha zilizotumika ni milioni 27. Wenzangu wanasema mradi uko vizuri kwa kuwa tumetumia chini ya milioni 30. Ni sahihi?

Na mwenye kujua atuambie haya mambo yasomwe kwa mpangilio upi, maana slaidi zinatoka kwenye hati ya mradi na kurukia chati ya Gantt (ratiba ya vijiti).

Pima_Mara_Mbili

Mdogo wangu, kwenda mbele mko sawa. C inaisha siku ya 21, F inaanzia hapo na kuisha 39, J inamaliza 41. Kosa liko kwenye kurudi nyuma, na dalili yake mmeiandika wenyewe: njia muhimu lazima itoke mwanzo wa mradi hadi mwisho bila kukatika, nyinyi mna sifuri kwenye F na J tu. Ukiona hivyo usianze kuhakiki namba moja moja. Nenda kwenye shughuli inayotoa mshale zaidi ya mmoja, ndipo makosa yanapojificha.

Kwenu ni C. Inatoa mishale mitatu, na LS (siku ya mwisho ya kuanza bila kuchelewesha mradi) za mbele yake ni D 32, F 21, G 27. LF (siku ya mwisho ya kumaliza) ya C ni iliyo ndogo kuliko zote, yaani 21. Nyinyi mmechukua 32. Linatokea sana, kwa sababu wakati wa kwenda mbele kanuni ni kinyume chake: J inasubiri F (39), G (33) na H (28), kwa hiyo inaanza 39, iliyo kubwa zaidi. Mkono ukishazoea kubwa unaendelea nayo hadi kwenye kurudi nyuma.

Sahihisha hiyo moja, mengine yanajipanga. C inakuwa LF 21 na LS 15, B LF 15 na LS 5. A inatoa mishale miwili, LS ya B ni 5 na ya E ni 16, chukua 5. Njia muhimu ni A-B-C-F-J: 5+10+6+18+2 = 41.

Floti 11 za D, E na H zilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila msizisome vibaya. D na H ziko kwenye mnyororo mmoja, hizo siku 11 wanagawana. D ikila 8, H imebakiwa na 3. Floti huru, yaani siku za kuchelewa bila kumsogeza anayefuata, ni habari nyingine: ya D ni 0, kwa sababu H inaweza kuanza siku ya 25, palepale D inapoishia, ya E ni 0 vilevile, ya H ni 11, ya G ni 6. Mtihani hupenda kuuliza kwa kuzunguka: "D ikichelewa siku 4, nini kinabadilika?" Siku ya mwisho ya mradi haisogei, lakini H inaanza 29 badala ya 25, na fundi wa pampu asipoambiwa atakuja akae bure kwa gharama yenu.

Saiti_Kwanza

Hesabu imenyooka. Mimi nina ugomvi na jedwali lenyewe.

E inasubiri A? Yaani mnanunua pampu kabla hamjajua kisima kinatoa lita ngapi kwa saa? Pampu huchaguliwa kwa vitu viwili vinavyopatikana kwenye D: kiasi cha maji kisima kinachoweza kutoa mfululizo, na kina ambacho maji yanashukia wakati wa kupampu. Ukubwa wa sola unafuata pampu. Upimaji wa A unawaambia pa kuchimba tu. Mkinunua kwa kubahatisha, pampu kubwa mno itashusha maji hadi ifanye kazi kavu na kuungua, ndogo mno haitajaza tanki.

Kwa hiyo E isubiri D. Sasa E inaanza 25 na kuisha 45, H inaisha 48, mradi siku 50. Njia muhimu imehama: A-B-C-D-E-H-J. F iliyokuwa sifuri sasa ina floti 9, na G ina 15. Mshale mmoja umeongeza siku 9 na kubadilisha mtu wa kusimamiwa kwa karibu, kutoka fundi ujenzi kwenda afisa ununuzi. Programu yoyote ya kompyuta ingewapa 41 bila kulalamika, maana haijui pampu ni kitu gani. Kila mshale mnaochora, mmoja wenu aseme kwa sauti kwa nini hii inasubiri ile. Akikosa sababu, futeni. Na kwa shughuli zisizo na mshale kati yao, ulizeni kinyume chake: kwa nini hii haisubiri ile.

F kusubiri C mmefanya vyema, kwa kuwa kisima kinaweza kutoka kikavu, na mnara bila maji ni sanamu. Lakini ichambueni. Kama mnara ni wa zege, kuna siku za kumwaga na siku za kusubiri zege lipate nguvu. Nguvu inayotajwa kwenye michoro kwa kawaida ni ya siku 28, na kumwagilia maji walau siku 7 za mwanzo si hiari. Kusubiri nako ni shughuli, ina muda ingawa haina kibarua. Tena inahesabiwa kwa siku za kalenda, zege halipumziki Jumapili. Ndani ya hizo 18 zenu sioni mahali pake.

J nayo ina pengo: mnamkabidhi nani? Tangu 2019 maji vijijini Tanzania Bara yako chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), na mradi unaendeshwa na chombo cha watumia maji ngazi ya jamii. Kama kijijini chombo hicho hakipo, kuunda na kusajili ni shughuli yenye siku zake, iingie kabla ya J. Kibali cha B kiombeni Bodi ya Maji ya Bonde husika. Wekeni majina ya wadau hawa kwenye jedwali, mhadhiri atajua mmefikiri.

Kuhusu mpangilio wa kusoma: kilichorukwa kwenye slaidi zenu ni mchanganuo wa kazi, WBS. Hati ya mradi, kurasa mbili zinatosha, inasema tatizo, lengo, bajeti na nani mwenye mamlaka. Mawanda yanasema kilichomo na kisichokuwemo (mfano: mabomba hadi kituoni yamo, kuvuta majumbani hayamo). WBS inavunja mawanda kuwa vitu: kisima, mnara, njia ya bomba, kituo, chombo cha watumia maji. Tumieni majina ya vitu, vitenzi vije baadaye kwenye shughuli. Ngazi ya chini ikijumlishwa irudishe kazi yote, isipungue wala isizidi, ikiwemo kazi ya kusimamia mradi wenyewe ambayo makundi mengi huisahau na kisha haina bajeti. Kipande cha mwisho kikadiriwe kuwa cha saa 8 hadi 80 za kazi. Hapo ndipo mnachora mishale, kisha muda, kisha mtandao, na Gantt inatoka yenyewe. Anayeanza na Gantt anachora vijiti vya kupendeza tu.

Dada_wa_Bajeti

Nijibu la EVM. Wenzako wanalinganisha matumizi na mpango, wakati kilichotakiwa ni kulinganisha matumizi na kazi iliyofanyika.

PV, thamani ya kazi iliyopangwa: 50% ya milioni 60 = 30
EV, thamani ya kazi iliyofanyika: 40% = 24
AC, gharama halisi: 27

CPI (ufanisi wa gharama) = EV÷AC = 24÷27 = 0.89. Kila shilingi 100 iliyotoka imeleta kazi ya shilingi 89. SPI (ufanisi wa ratiba) = EV÷PV = 24÷30 = 0.8. Mmechelewa na mmezidisha gharama, yote mawili kwa pamoja. Hiyo milioni 3 "iliyookolewa" ni kazi ambayo haijafanyika.

Makadirio ya mwisho: hali ikiendelea hivi, 60÷0.89 (tumieni 24÷27 kamili) = milioni 67.5. Lakini kama kilichozidisha ni tukio la mara moja, tuseme gari la kuchimbia lilikwama mvua zikinyesha, basi ni 27 + (60−24) = milioni 63. Kanuni mbili, majibu mawili, na alama ziko kwenye kueleza kwa nini umechagua mojawapo. Mkitaka kubaki ndani ya bajeti, kazi iliyobaki lazima ifanyike kwa ufanisi wa 36÷33 = 1.09. Kundi lililokuwa 0.89 litafikaje 1.09? Swali hilo liandikeni kwenye ripoti.

Sehemu dhaifu ni hiyo asilimia 40. Nani kaipima? Fundi akiulizwa daima yuko asilimia 90. Kwa shughuli fupi wekeni kanuni ngumu: haijaisha ni 0, imeisha ni 100. Kwa ndefu pimeni kitu kinachohesabika, mita za bomba zilizofukiwa, siyo mita zilizoshushwa saiti. Malipo ya awali ya muuza pampu pia yanavuruga: fedha imetoka, AC imepanda, EV haijasogea. Yaelezeni kwenye maandishi, vinginevyo mtaonekana wabadhirifu.

Na SPI isiwadanganye mwishoni. Kazi ikikamilika EV inakuwa sawa na PV, SPI inarudi 1 hata kama mmechelewa miezi mitatu. Kuanzia theluthi ya mwisho tazameni njia muhimu zaidi.

Mipango_MwakaWaPili

Asanteni sana wakuu, na dada pia. Tunarekebisha E leo. Mawili yamebaki. Zile siku 10 za kibali na 20 za ununuzi tumezikisia, tunazitetea vipi? Na kundi la pili wanaanzia siku ya 1 badala ya 0, namba zao hazilingani na zetu.

Kikokotoo

Kwa shughuli msizo na uhakika nazo tumieni makadirio matatu. PERT, mbinu yenye makadirio hayo, ilibuniwa 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, ambako kazi nyingi hazikuwa na rekodi ya nyuma. CPM ilitoka kwenye kampuni ya DuPont, kwenye viwanda ambako muda wa kila kazi ulishajulikana. Kwenu mchanganyiko unafaa: kulaza mabomba kunajulikana, kibali hakijulikani.

Kibali: upesi 6, kawaida 10, vibaya 26. (6 + 4×10 + 26)÷6 = 12.
Ununuzi: 15, 20, 31. (15 + 80 + 31)÷6 = 21.

Zote ziko kwenye njia muhimu, kwa hiyo 50 inakuwa 53. Mkengeuko (kiasi muda unavyoweza kutofautiana na wastani) wa kibali ni (26−6)÷6 = 3.33, wa ununuzi 2.67. Msiijumlishe mikengeuko hiyo moja kwa moja. Pandisheni kipeo cha pili kwanza: 11.11 + 7.11 = 18.22, kipeuo chake cha pili ni 4.27. Uwezekano wa kumaliza ndani ya siku 57: (57−53)÷4.27 = 0.94, kwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida (normal) ni takriban asilimia 83. Mfadhili akiahidiwa 53, ni sawa na kurusha shilingi.

Hizo 6 na 26 zisitoke kichwani. Waulizeni wanaoomba vibali hivyo, na muandike mmeuliza ofisi gani.

Pima_Mara_Mbili

La 0 na 1: wanaoanzia 1 wanatumia EF (siku ya mapema ya kumaliza) = ES (siku ya mapema ya kuanza) + muda − 1, na anayefuata anaanza EF + 1. Kwa mtandao wa siku 50, J kwao inaanza 49 na kuisha 50, kwenu inaanza 48 na kuisha 50. Muda na floti zote zinabaki sawa. Chagueni moja na mwandike juu ya jedwali; kuchanganya ndiko kunakoharibu.

Mkihamia GanttProject au programu nyingine, badilisheni kalenda kwanza. Kwa kawaida Jumamosi inahesabiwa mapumziko, wakati saiti nyingi hufanya kazi Jumamosi, na tarehe zenu zitakwenda mbali bila kujua kwa nini.

Na mkiulizwa kufupisha mradi, lipieni E iharakishwe, siyo F. Ila kuna mpaka: mkipunguza E siku 9, mradi wa siku 50 unafika 41 na njia ya F nayo inakuwa muhimu. Kuanzia siku ya 10 ya kupunguza, lazima mlipie E (au D au H) na F kwa pamoja, au mguse A, B, C au J ambazo njia zote zinapita.