Diwani anauza saruji kwenye mradi wa kata yake, tukiomba kanuni tunaambiwa "hayo ni mambo ya vikao"

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kata yetu iko huku milimani mkoani Mbeya, sisi ni watu wa viazi na parachichi. Jina la kata na la halmashauri naliacha, maana nataka tujadili sheria, na huyo mheshimiwa bado tunaishi naye na kuzikana naye.

Shule yetu ya msingi inajengewa madarasa. Maboma tumepandisha wenyewe: kila kaya ilitoa mchango, akina mama wakabeba maji na mchanga kichwani, vijana wakaponda mawe. Halmashauri ikaleta fedha ya umaliziaji. Ni fosi akaunti, yaani tunajenga wenyewe kwa mafundi wa hapa bila kumpa mkandarasi, kwa hiyo zipo kamati za wananchi, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na kwenye makaratasi kila kitu kimenyooka. Lakini saruji, nondo na bati vyote vinatoka duka moja, na duka lile hakuna asiyejua kuwa ni la diwani. Leseni imeandikwa jina la mkewe. Mfuko wa saruji pale ni ghali kuliko Mwanjelwa, sokoni Mbeya mjini, hata ukiongeza gharama ya fuso la kuupandisha huku. Mama mmoja wa kamati ya manunuzi aliuliza kwa nini bei za maduka mengine hazikuletwa. Diwani akamjibu mbele za watu: "Mama, unataka maendeleo au unataka maneno?" Tangu hapo yule mama haitwi kwenye kikao.

Tukaenda kwa mtendaji wa kata, kwa adabu kabisa, tukiomba kitu kimoja tu: atuonyeshe kanuni inayosema diwani anaruhusiwa nini na amekatazwa nini. Jibu lake: "Wazee wangu, hayo ni mambo ya vikao. Nyie hayawahusu."

HAYATUHUSU? Katiba ya nchi, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zimewekwa ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwananchi gani huyo anayepelekewa madaraka halafu ananyimwa hata kuiona kanuni?

Nimelazimika kuzitafuta mwenyewe kwa msaada wa kijana wangu na simu yake. Nawawekea hapa nilichokuta, kwa sababu naamini kata kama yetu ni nyingi, kuanzia huku hadi Kilolo na Makete.

Halmashauri za wilaya zinaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287. Miji na majiji yana ya kwao, Sura ya 288. Humo jambo liko wazi: mjumbe mwenye maslahi ya kifedha kwenye suala linalojadiliwa anatakiwa ayatamke, na asishiriki mjadala wala kura. Kuna pia Kanuni za Maadili ya Madiwani za mwaka 2000. Na juu ya hizo, diwani ni kiongozi wa umma chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995. Sheria hiyo inamtaka atoe tamko la mali na madeni anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Wale mnaosema "duka ni la mkewe, yeye hahusiki", someni vizuri: tamko linagusa mali za mwenza wa ndoa pamoja na watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kuna na kifungu kinachomtaka kiongozi atamke maslahi yake kwenye mkataba na Serikali. Bati za darasa la watoto wetu zimelipwa kwa fedha ya Serikali.

Sasa angalieni jinsi mlango ulivyofungwa. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako miradi hii inajadiliwa, mwenyekiti wake ni diwani. Katibu wake ni mtendaji wa kata. Yaani mtu tunayetegemea atusomee kanuni ndiye anayemwandikia mheshimiwa muhtasari. Ukipanda ngazi ya halmashauri unakuta kamati ya maadili, na mle ndani ni madiwani wenzake. Mkutano mkuu wa kijiji ulitakiwa uitishwe kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Kwetu unaitishwa michango ikitakiwa. Mwenyekiti wa kijiji ukimuuliza anasema anasubiri maelekezo. Maelekezo ya nani, wakati kijiji kina mamlaka yake kisheria?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatuna namna ya kumtoa. Chama chake kikimvua uanachama leo, udiwani umekwisha leo hii. Sisi tuliopanga foleni kumpigia kura hatuna kifungu hata kimoja cha kumrudisha nyumbani kabla ya miaka mitano. Wenzetu Kenya waliweka kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 utaratibu wa wapiga kura kumwondoa mwakilishi wa wadi. Mahakama Kuu yao ilibatilisha baadhi ya vifungu mwaka 2017, najua, lakini angalau waliliandika likajadiliwa. Kwetu hata mjadala haupo.

Halafu lugha. Sheria tuliyoipata kwenye simu ilikuwa ya Kiingereza. Bunge lilishapitisha mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili. Mzee wa miaka sabini aliyechanga fedha ya viazi vyake anatakiwa asubiri mjukuu arudi likizo ndiyo ajue diwani wake kakatazwa nini? Hii ni dharau.

Tumeandika barua rasmi kwa mkurugenzi kuomba nakala ya Kanuni za Kudumu za halmashauri, zile zinazoongoza vikao vyake, na orodha ya manunuzi ya mradi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inawapa siku 30 kujibu. Siku zimepita. Kimya. Masijala wanatuambia barua iko mezani kwa bosi.

Nawaomba wanasheria na watumishi wa halmashauri mliomo humu mnisaidie, na tafadhali msiniletee habari za vyama kwenye uzi huu.

Ofisi ya kanda ya Sekretarieti ya Maadili, wasimamizi wa ile sheria ya maadili ya viongozi, iko Mbeya mjini. Tukienda, tunaanza na malalamiko ya maandishi yenye majina yetu wote, au mmoja anatosha? Yule mama wa kamati ameshaanza kutishwa kwamba kibanda chake cha sokoni kitavunjwa, sitaki jina lake liwe la kwanza. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, twende sambamba au tusubiri? Na je, zile risiti za duka tulizopiga picha zina uzito, au watasema tumeziiba?

Jambo la mwisho. Vikao vya Baraza la Madiwani kisheria ni vya wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, na kikao cha robo hii kinakaribia. Tumeshapanga kukodi kosta twende tukakae pale tusikilize taarifa ya kata yetu ikisomwa, tuone kama atatamka maslahi yake na kutoka nje. Mgambo akituzuia mlangoni, tumuonyeshe kifungu gani?