Ramani ya hali ya maisha jijini Mwanza: je, kata inatosha kuwa kipimo?

Mchoraramani wa Nyakato:

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Ninatayarisha ramani ya Mwanza inayoonyesha jinsi maeneo yanavyotofautiana kiuchumi na kwa muundo wa watu, yaani umri, jinsi, ukubwa wa kaya, aina ya nyumba, maji na nishati ya kupikia. Nimetumia matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2012 na ya 2022, na nimechora kwa programu ya ramani ya QGIS nikifuata mipaka ya kata za wilaya za Nyamagana na Ilemela. Picha ya jumla haina utata: Nyamagana imetoka watu 363,452 hadi 594,834 katika miaka hiyo 10, na Ilemela imetoka 343,001 hadi 509,687. Utata unaanza ninapoingia ndani. Isamilo inatoka na rangi ya katikati, kana kwamba wakazi wake wote ni watu wa kipato cha wastani. Kata za ufukweni upande wa Ilemela zinaonekana kuwa na watu wachache mno kwa kilomita ya mraba, ilhali anayeijua mialo yake, yaani sehemu wavuvi wanakoegesha mitumbwi, anajua nyumba zilivyobanana. Kata kama Mecco, Kiseke na Buzuruga nazo hazina cha kulinganishwa nacho, kwa sababu hazimo katika majedwali ya 2012.

Je, nibaki na kata, nishuke hadi mtaa, au kuna njia nyingine? Na kipato nikipime kwa nini, maana karani wa sensa hamuulizi mtu anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?

Mtakwimu Mstaafu:

Marahaba, kijana wangu.

Isamilo si ya wastani hata kidogo. Kuna nyumba za siku nyingi zenye bustani, zinazotazama ziwa, ambazo gari hufika hadi getini. Ukipanda kidogo unakutana na nyumba zilizojengwa juu ya majabali, ambako saruji, tofali na ndoo ya maji vyote hupandishwa kichwani kwa kuwa njia ni ya miguu tu. Ukizichanganya kaya hizo zote na kuzitafutia wastani, unapata namba isiyomhusu yeyote kati yao. Hapa kwetu mgawanyiko mkubwa wa hali za maisha haufuati mpaka wa kata, unafuata mlima, na ndivyo ilivyo Igogo, Mabatini na Kilimahewa pia: bondeni kuna barabara, bomba na fremu za maduka, na kadiri unavyopanda ndivyo kodi ya chumba inavyoshuka na gharama ya maji inavyopanda. Shuka hadi mtaa ukiweza, kisha weka juu yake tabaka la mwinuko. Data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani na zenye pikseli za mita 30, zinapatikana bure. Ukibadilisha tu mistari ya mipaka, ramani itabadilika ingawa hakuna mtu aliyehama, kwa hiyo chora kwa vipimo viwili tofauti uone ni kitu gani kinabaki palepale.

Kwa kulinganisha 2012 na 2022, zirudishe kata mpya kwenye kata mama zilikomegwa. Utapoteza undani, lakini ulinganisho utakuwa wa haki.

Kuhusu kipato, usihangaike na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, kwa sababu sampuli yake haikukusudiwa kushuka hadi kata. Utafiti wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa 2022 una kipimo kizuri cha utajiri wa kaya, ila alama za maeneo yaliyohojiwa husogezwa kwa makusudi kwenye ramani ili kulinda siri za waliohojiwa, hadi kilomita 2 mjini na kilomita 5 vijijini. Kwa Mwanza, kilomita 2 zinatosha kukutoa mtaa wa magorofa na kukutua ng'ambo ya mlima. Baki na viashiria vya makazi vya sensa. Paa litakusaidia kidogo sana, kwa sababu bati limeenea kwa wenye nacho na wasio nacho. Sakafu, aina ya choo, maji ndani ya kiwanja, na gesi dhidi ya mkaa ndivyo vinavyotenganisha kaya. Uwe mwangalifu unapofika Sangabuye na Bugogwa, kwa kuwa vipimo vya namna hii humpa alama nyingi mpangaji wa Nyakato mwenye televisheni na friji, kisha vikamshusha mtu mwenye mitumbwi miwili na ng'ombe wake kwa sababu sakafu yake ni ya udongo.

Mtu wa Mwaloni:

Mkuu, kabla ya yote kagua faili lako la mipaka. Kama mpaka wa kata umechorwa hadi ndani ya maji, basi unagawanya watu kwa eneo ambalo nusu yake ni samaki. Ondoa maji yote kwa kufuata ufukwe, na uandike ufukwe huo ni wa mwaka gani, kwa kuwa ziwa lilipopanda mwaka 2020 lilifuata nyumba za watu.

Jambo la pili sijaona likitajwa. Sensa huhesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2012 ilikuwa tarehe 26 Agosti, mwezi ukielekea kujaa tarehe 31. Mwaka 2022 ilikuwa tarehe 23 Agosti, siku nne kabla ya mwezi mwandamo, yaani katikati ya giza. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wengi wa wavuvi wake hurudi nyumbani. Kwa hiyo uwiano wa wanaume na wanawake katika mialo na visiwa usiulinganishe kati ya sensa hizo mbili ukadhani watu wamehamia moja kwa moja. Pengine ni mwezi tu. Malimbe nako, Agosti ni likizo ya chuo kikuu, hivyo vijana wanaojaza vyumba vya kupanga kule wamehesabiwa makwao, na Butimba kuna gereza, ambalo wafungwa wake huhesabiwa humo humo.

Njia Panda Kisesa:

Naomba nami niongeze. Ramani inayoishia Igoma si ya jiji tunaloishi. Kisesa iko Wilaya ya Magu na Usagara iko Misungwi, lakini asubuhi daladala zetu zinajaa watu waendao kazini mjini, na wengi walihamia huku kwa sababu ya bei ya viwanja. Kisesa ina bahati ya pekee: watafiti wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wamekuwa wakifuatilia kaya zake tangu 1994, kwa hiyo machapisho yao yanaweza kukusaidia kuona uhamiaji. Daraja la Kigongo–Busisi nalo lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ukingo wa jiji upande huo hautakaa ulipokuwa wakati wa sensa.

Mchoraramani wa Nyakato:

Nawashukuru sana. Hoja ya mwezi sikuitarajia kabisa; uwiano wa jinsi wa mialo nitauonyesha kwa 2022 peke yake, bila mshale wa ongezeko au upungufu.

Nitaiingiza Kisesa na Usagara, ila hapo kuna kikwazo: mjini ngazi ya chini ni mtaa, na kule ni kijiji na kitongoji, ambavyo ukubwa wake haulingani. Ninafikiria kuacha mipaka yote na kugawa eneo zima katika miraba ya mita 100, kisha kusambaza watu wa kila mtaa au kijiji kwa kufuata alama za majengo kutoka picha za setilaiti. Mtakwimu, je, kwa Mabatini, ambako chumba kimoja huweza kuwa na kaya nzima, niyahesabu majengo kwa idadi yake au kwa ukubwa wa paa?

Mtakwimu Mstaafu:

Kwa ukubwa wa paa, lakini kila mtaa na kiwango chake cha watu kwa mita ya mraba ya paa. Ukitumia kiwango kimoja kwa jiji zima, utawajaza watu kwenye maghala ya Igogo.